Ruhusa Niliyompa Mke Wangu

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia viatu, usijali, nitakupa kwa ufupi. Mimi ni yule yule msimamizi wa mfumo wa kompyuta wa hospitali, yule ambaye kwa miaka kumi na moja amewaona wenzake wote kuwa wajinga na akalala usingizi mzuri. Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya tatu. Mgonjwa wa kitanda cha tisa, dereva mstaafu, alidungwa sindano ya dawa ambayo faili lake linasema wazi isimguse. Akavimba, akazimia, na mpaka leo yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Agizo la dawa hiyo liliandikwa kwenye mfumo kupitia akaunti ya mke wangu.

Akasimamishwa kazi. Akaitwa mbele ya kamati siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na kinachotafutwa ni leseni yake ya uuguzi. Alhamisi yenyewe ndiyo hii ninayowasimulia leo.

Lakini kwanza niwaambie nilivyokuwa nikiishi na watu hawa, msije mkanionea huruma bure.

Hospitali yetu ina watumiaji mia mbili na arobaini. Kila mmoja nimempa akaunti yake, na kila mmoja amenipa sababu ya kumdharau. Daktari wa macho, neno lake la siri lilikuwa moja mbili tatu mpaka nane. Nilipomwambia lazima liwe na herufi, akaongeza a mwishoni, akaniuliza kama sasa nimeridhika.

Karani wa masjala anatumia jina la kitindamimba wake. Kila mkewe akijifungua analibadilisha, na hospitali nzima inalijua kwa sababu sote tulikwenda kumpa hongera. Metroni, mama wa heshima zake, la kwake alilibandika kwenye kalenda ya ukutani, akalizungushia duara jekundu lisije likapotea.

Nimewaandikia nyaraka tisa. Katika ule wa kwanza niliandika "nywila" badala ya "neno la siri", kwa kuringa tu. Metroni akanipigia simu kuuliza kama hiyo ni dawa mpya, na kama inatunzwa kwenye friji.

La kukata maini zaidi ni hili la Aliyewahi. Kompyuta za wodini ni kuukuu. Kuingia kwenye akaunti kunachukua dakika nne, tano, na mgonjwa anayetapika hangoji. Kwa hiyo wauguzi walijitungia utaratibu wao. Anayewahi kufika asubuhi anaingia kwa jina lake, na wote wanaomfuata wanafanya kazi humo humo mpaka zamu iishe. Hakuna anayetoka, hakuna anayeingia. Madaktari wakipita nao wanabonyeza humo humo. Utawasikia wakiulizana, "Leo Aliyewahi ni nani?" kama watu wanaogawana zamu ya kufagia.

Matokeo yake mnayaona wenyewe. Mchelewaji hana kosa hata moja kwenye mfumo, kwa kuwa jina lake halimo. Makosa ya wodi nzima yameandikwa kwa jina la yule anayeamka mapema. Na mke wangu, kwa balaa lake, ni mtu wa kuwahi. Hata siku ya harusi yetu alifika kabla yangu.

Sasa nije kwenye langu, na hapa mnaruhusiwa kunitemea mate.

Muuguzi hawezi kuandika agizo la dawa. Mfumo unamkatalia, hiyo ni kazi ya daktari. Daktari wa wodi ya tatu tunamwita Daktari Nakuja, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila simu. Miezi minne iliyopita mke wangu alikuja ofisini kwangu amechoka, akasema wagonjwa wanaugulia saa nzima kwa sababu Nakuja anataja dawa kwenye simu na hafiki kuiandika.

Hakuja kuomba kitu. Alikuja kulalamika, kama mke anavyolalamika kwa mumewe. Mimi nikavimba kichwa. Nikamwambia, "Tazama," nikaingia kwenye akaunti ya msimamizi, nikabonyeza mara tatu, akaunti yake ikapata ruhusa ya daktari.

"Umeshakuwa daktari," nikamwambia.

"Baba Pacha, hii si halali. Ifute."

"Nitaifuta kesho. Leo furahi kwanza."

"Sitaki kufurahi. Ifute."

"Kesho."

Miaka yote nilimcheka Daktari Nakuja, kumbe Bwana Kesho ni mimi. Mke wangu hakuitumia ruhusa ile hata siku moja. Lakini wodi nzima ilikuwa inafanya kazi ndani ya akaunti yake. Siku ya mkasa, saa nne na robo, yeye alikuwa anamsukuma mgonjwa kwenda kupigwa picha ya kifua. Mtu mwingine akasimama kwenye kompyuta, akaandika dawa ya kitanda cha tisa. Nani, hatujui. Tunachojua ni kwamba mfumo haukumkatalia, kwa sababu mimi niliuziba mdomo.

Basi. Asubuhi ya Alhamisi nikamkuta anapiga pasi sare yake.

"Umesimamishwa," nikasema. "Sare ya nini?"

"Kama ni kuvuliwa, wanivue nikiwa nimeivaa."

Mama mkwe alikuwa mezani anawanywesha pacha uji. Alikuja kwetu tangu wiki ile ya balaa, kusaidia watoto, na kila siku alikuwa ananiuliza swali moja. Mimi huwa namchukulia mama mkwe kama ninavyomchukulia metroni. Mtu wa kuitikiwa na kupitwa.

"Mkwe wangu," akasema, "hiyo kompyuta si unaiendesha wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi si uiambie iseme ukweli?"

"Haifanyi kazi hivyo, mama."

"Inafanyaje?"

Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akamfuta pacha mmoja mdomo, akasema alidhani ukweli ni wa watu wote. Nilicheka kidogo, kwa pua. Mke wangu hakucheka.

Alinifuata chumbani, akafunga mlango.

"Mkaguzi anayekuja kwenye kamati ataiona ile ruhusa."

"Hataiona. Nakwenda kuifuta sasa hivi, na alama yake yote."

"Sijakuambia ufute. Nataka useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba ni wewe uliyenipa."

"Nikisema hivyo wananifukuza, Mama Pacha."

"Na usiposema?"

Nikaanza kutafuta soksi. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikainama chini ya kitanda nikatafuta soksi iliyokuwa mguuni.

"Tulia," nikamwambia kutoka kule chini. "Mimi nawajua watu hawa. Hata kuwasha mashine wanaita mtu. Nitawapiga chenga mbele ya macho yao."

"Wewe huwa unawajua watu wote," akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Saa moja na nusu nilikuwa nimeshafika ofisini. Mpango ulikuwa mwepesi. Kuingia kwenye akaunti ya msimamizi, kuondoa ruhusa, kufuta mstari unaoonyesha iliwekwa lini na nani. Dakika tatu. Kamati ingekuta akaunti ya muuguzi wa kawaida na ingekuna vichwa mpaka mchana.

Nikafungua mlango. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa binti mwenye miwani, anakunywa chai kwa kikombe changu.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mkaguzi. Kutoka makao makuu."

Nilitegemea mzee mwenye kitambi na mkoba, anayeshika kipanya cha kompyuta kama anashika panya wa kweli. Huyu angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Nikajisemea, afadhali, huyu nitamzungusha.

"Binti yangu, naomba dakika tano kwenye mashine."

"Za nini?"

"Kusafisha safisha tu kabla ya kikao."

"Safisha," akasema, akanipisha. "Nilishanakili kila kitu jana mchana, nikiwa makao makuu. Ukimaliza nitalinganisha, nione umesafisha nini."

Nikatabasamu. Nikamwambia nilimaanisha vumbi. Halafu nikatoa kitambaa mfukoni nikafuta kioo cha kompyuta mbele yake, pembe zote nne, mtu mwenye shahada mbili.

Akanishukuru.

Nikatoka nje. Sikuwa nimepiga hatua kumi nikasikia Mganga Mkuu ananiita. Huyu ndiye bosi wetu sote, mtu mrefu anayeongea polepole ili uone ana mengi ya kufikiri. Hana hata moja. Nimemfungulia akaunti iliyojifunga mara sitini na mbili, ninayo orodha.

"Msimamizi, njoo tusogee huku." Akanishika bega. "Kamati inataka kichwa kimoja. Kimoja kinatosha."

"Mke wangu hana kosa, mheshimiwa."

"Nani kasema ana kosa? Lakini yeye anaweza kupata kazi kokote. Kuna watu wanatafuta wa kuwaangalia wazee wao majumbani. Wewe tukikupoteza, nani atauendesha mfumo? Humu ndani nani mwingine anauelewa?"

Alinivisha kilemba cha ukoka, na mimi nikainamisha kichwa ili akifunge vizuri.

"Wakikuuliza, sema hukumbuki," akaendelea. "Kutokukumbuka si uongo. Kila mtu anasahau."

Nikamwambia nitafikiri. Akanipigapiga bega, akaenda zake. Nami nawaambia kwa aibu kwamba nilifikiri kweli, kuanzia pale mpaka saa nne.

Ukumbi wa mikutano ulikuwa umejaa. Mezani walikaa watatu. Katikati Mkaguzi, kushoto Mganga Mkuu, kulia Metroni. Kwenye mabenchi walikuwa watu wa wodi ya tatu, wauguzi, karani wa masjala na mama mfagizi, wote wameitwa kama mashahidi. Daktari Nakuja alipigiwa simu mara mbili. Mnajua alichojibu.

Mke wangu alikaa peke yake kwenye kiti cha mbele, sare imenyooka. Mimi nilikaa pembeni, karibu na mlango.

"Leo Aliyewahi ni nani?" Mkaguzi akaanza.

Watu wote wakatazama viatu vyao. Nilidhani utaratibu ule ni siri ya hospitali. Kumbe binti wa watu alikuwa ameujua kabla hajamaliza kikombe cha kwanza.

"Siku ile, kitanda cha tisa, nani aliandika dawa?"

"Ilikuwa akaunti ya Mama Pacha," karani akajibu.

"Sijauliza akaunti. Nauliza vidole."

Karani akajikunyata kwenye benchi.

"Sawa. Karatasi ya chumba cha picha inaonyesha muuguzi huyu alikuwa huko saa nne na dakika kumi mpaka saa nne na nusu. Kwa hiyo vidole si vyake. Mwenye vidole nitamtafuta, na nitampata. Leo nina swali jingine."

Akawasha projekta. Mstari mmoja ukatokea ukutani, mkubwa kama tangazo la duka. Ulikuwa ule mstari wangu, ule wa miezi minne nyuma. Akaunti ya msimamizi imeipa akaunti ya muuguzi ruhusa ya daktari.

"Bila mstari huu," akasema, "mfumo ungekataa, na yule mzee angekuwa nyumbani kwake. Sasa sikilizeni vizuri. Kama muuguzi huyu alipewa ruhusa, kosa ni la aliyempa, na yeye atapata onyo kwa kuacha akaunti wazi. Lakini kama alijipa mwenyewe, leseni inaondoka leo, hapa mezani. Tumeelewana?"

Metroni akatikisa kichwa kukubali. Mganga Mkuu akawa anakagua kucha zake.

"Msimamizi. Ulimpa wewe?"

Nikasimama. Sentensi nilikuwa nayo tayari, fupi, ya maneno matatu. Ndiyo, nilimpa mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mganga Mkuu akakohoa.

"Sikumbuki," nikasema.

Mimi, ninayekumbuka neno la siri la daktari wa macho la mwaka juzi. Mimi, mwenye orodha ya mara sitini na mbili. Sikumbuki.

Mke wangu akageuka kwenye kiti chake, akanitazama. Hakuwa na hasira, hasira ningeiweza. Nimedharau watu maisha yangu yote, nikidhani naijua dharau kwa ndani na nje. Sikuwa nimewahi kuipokea. Alinitazama kama unavyotazama kitu ulichokibeba safari nzima, ukakifungua, ukakuta ndani hakuna kitu.

Akasimama.

"Nilijipa mwenyewe," akasema.

"Mama Pacha, kaa chini," Metroni akamwambia.

"Nimekaa ya kutosha, Metroni. Niliingia kwenye akaunti ya mume wangu nikajipa ruhusa. Yeye hahusiki."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mkaguzi hakushtuka. Alinigeukia mimi.

"Msimamizi, inawezekana?"

Hapa ndipo nilipopewa nafasi ya pili, na mtu mwenye akili hapewi nafasi mbili akazitupa zote.

"Inawezekana," nikasema.

Nikaketi. Mganga Mkuu akafumba macho kwa furaha kama mtu aliyekunwa mgongo.

"Ni rahisi kuthibitisha," Mkaguzi akasema. Akafungua ukurasa wa kuingilia kwenye mashine, akaandika jina la akaunti yangu. "Dada, kama uliingia, basi unalijua neno la siri. Litaje."

Neno lile sikuwahi kuliandika popote. Sikuwahi kumwambia mtu, wala yeye. Lina alama ishirini na moja. Nilijua uongo wake unaanguka sasa hivi, na ukianguka, leseni yake inapona na ninabaki mimi. Nami niliahidi tangu wiki ya kwanza kuwaambia ukweli wote, kwa hiyo pokeeni na huu. Sikufurahi kwamba ataokoka. Niliogopa kwamba nitakamatwa.

Mke wangu hakufikiri hata kidogo.

"Hawa wote ni mbumbumbu," akasema.

"Nani?" Metroni akauliza.

"Ndilo neno lenyewe. Maneno yameshikana yote, kila moja linaanza na herufi kubwa. Mwishoni kuna kumi na moja, kwa tarakimu."

Mkaguzi akaandika. Vidole vyake vilikuwa na haraka, lakini mimi nilisikia kila kitufe. Akabonyeza cha mwisho. Ukutani kukatokea maandishi ya bluu. Karibu, Msimamizi.

Metroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitafuta kule pembeni karibu na mlango.

"Hawa ni akina nani?" akaniuliza.

"Ni mfano tu, Metroni. Linatakiwa liwe gumu kukisia."

"Mfano wa akina nani?"

Nikasema hakuna mtu maalumu. Karani wa masjala akaguna. Yule ambaye neno lake ni jina la mtoto wake aliyelala kwenye kanga alinitazama kwa huruma, na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

"Alikuambia yeye?" Mkaguzi akamuuliza mke wangu.

"Hajawahi kuniambia. Mume wangu akiandika, midomo inasema."

"Inasemaje?"

"Inasema. Kila herufi. Akija wodini kutengeneza mashine, simama mbele yake, utalisoma lote mpaka mwisho. Sote tunalijua. Huu mwaka wa tatu."

Nikajigusa mdomo. Nilikuta umefunguka.

Watumiaji mia mbili na arobaini niliwalazimisha kubadilisha maneno yao kila miezi mitatu, na aliyechelewa nilimfungia nje bila huruma. La kwangu sikuligusa. Nilisema la kwangu ni imara, halihitaji.

"Wote?" Mkaguzi akauliza. "Hebu wanaolijua wainue mikono."

Wa kwanza alikuwa mama mfagizi. Akafuata muuguzi mmoja, na mwingine, na benchi zima la nyuma. Karani akainua wa kwake juu kabisa, kama mtoto anayejua jibu. Metroni akainua polepole, kwa heshima zake zote. Mganga Mkuu alijikuna sikio kwanza, halafu mkono ule ule ukapanda kidogo, ukasimama usawa wa shavu.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua anavyowaona," Mkaguzi akasema.

"Tulijua, mwanangu," mama mfagizi akamjibu. "Tukaona ndio ugonjwa wake."

Wengine wakacheka, si kwa nguvu. Mke wangu hakucheka. Mkaguzi akasubiri mpaka wakanyamaza, akavua kifuniko cha kalamu.

"Basi mtu yeyote humu ndani angeweza kuitoa ruhusa ile. Nauliza mara ya mwisho, na jibu nitakalolipata ndilo nitakaloandika. Ambaye hakuitoa, ashushe mkono. Aliyeitoa, auache juu."

Mikono ikaanza kushuka. Mabenchi ya nyuma, karani, Metroni, Mganga Mkuu akiwa wa kwanza kuliko wote. Ukabaki mmoja, wa mbele, kwenye sare iliyopigwa pasi.

Mke wangu hakunitazama tena. Alikuwa anatazama ukutani, pale palipoandikwa Karibu.

Mkaguzi alingoja. Alipitisha macho kwenye mabenchi yote, akayaleta mpaka pembeni, karibu na mlango, akayaacha hapo muda mrefu kuliko mahali pengine. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni. Niliuhisi uko pale, mzito, wa mtu mwingine.

"Sawa," akasema.

Akavuta karatasi, akaanza kuandika jina la mke wangu. Ana majina matatu, na yote marefu. Mkaguzi alipomaliza la pili, mimi bado nilikuwa nimekaa.